Timbo Juu ya Mahandaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilifika timboni, kwenye machimbo ya mawe nje kidogo ya mji wa Kilifi, nimevaa shati alilonipigia pasi mama na viatu vya ngozi vya marehemu baba, nikidhani nakwenda kuandikwa karani wa malori. Mzee mmoja mfupi, kofia ngumu kichwani, akanitazama toka juu hadi chini.

"Toa vilivyomo mifukoni," akasema. "Vyote. Kisha vua viatu."

Nikatoa leso, kitambulisho na kiberiti. Kiberiti alikichukua akakitumbukiza ndani ya pipa la maji, halafu akavigeuza viatu vyangu kutazama soli. Zilikuwa na misumari.

"Msumari ukigonga jiwe hutoa cheche. Cheche ikifika ninapofanya kazi mimi, mama yako hatapata cha kuzika. Umefahamu?"

"Nimefahamu, bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo ungeitoa mwanzo."

Huyo ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu wa Baruti, bosi wangu wa kwanza. Alikuwa akitafuta mtu wa kumwandikia daftari, na mimi nilitoka Takaungu na hati nzuri ya mkono niliyoipata chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani. Siku ile nilishinda pekupeku juu ya mawe ya moto, naandika alichosema: mashimo mangapi, kina gani, baruti kiasi gani katika kila shimo, fataki ngapi zimetoka ghalani na ngapi zimerudi. Fataki ni kile kitu kidogo, kinene kama kalamu, ambacho huwasha baruti. Baruti yenyewe ni mvivu, waweza kuipakia na kuipakua. Fataki ndiyo yenye hasira.

Vijana mnaosoma haya mnayaona malipuko kwenye simu zenu: mlima unainuka, vumbi linapanda, watu wanashangilia. Sisi mlipuko ulikuwa ndio sehemu fupi kuliko zote. Kazi ilikuwa kabla yake. Mwamba hutobolewa mashimo kwa mistari, kila shimo lina umbali wake na mwenziwe na umbali wake na ukingo wa timbo. Hutiwa baruti na fataki, kisha juu huzibwa kwa kokoto ndogo ili nguvu isitokee mdomoni mwa shimo na kurusha mawe. Nyaya huunganishwa, bendera nyekundu husimamishwa njia zote, king'ora hulia mara ya kwanza, mara ya pili, na ndipo mwenye leseni anapotia ufunguo kwenye mashine ya kulipulia. Ukishalipua hukimbilii kutazama. Unangoja moshi uishe, kwa maana ule moshi ni sumu, kisha unapita peke yako kutafuta shimo lililogoma, yaani lile ambalo baruti yake haikuwaka na bado inangoja.

Fundi Mkuu hakumwamini mtu. Alihesabu fataki mwenyewe, akanipa nihesabu, akahesabu tena. Akiambiwa shimo lina mita tano, aliteremsha tepu kuona. Siku moja nilimuuliza kama hachoki kushuku kila kitu.

"Mimi nimefika umri huu nina vidole kumi," akasema, akanionyesha. "Sasa nenda ukamtazame aliyekuwa akifanya kazi hii kabla yangu."

Nilikaa naye miaka mingi hapo Kilifi, kisha nikahamishiwa Jaribuni chini ya Msimamizi wa Timbo aliyekuwa mkali kwa kila jambo isipokuwa chakula. Huko nikakaa mbele ya Mkaguzi wa serikali, nikajibu maswali asubuhi nzima, nikapata leseni yangu ya kulipua. Leseni ile ilikuwa na jina langu na picha yangu. Toka siku hiyo, likitokea lolote, hakuna wa kusingiziwa. Nikaanza kuitwa Fundi Shee.

Baadaye kampuni moja iliyokuwa ikivunja kokoto za barabara iliniajiri kwenye kilima kimoja huko bara ya Kilifi, kwa Wagiriama, katikati ya mashamba ya mihogo na mahindi. Kampuni siitaji wala kilima sikitaji. Kazi ya huko sijapata kuifanya mahali pengine, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kilima kile zamani, kabla sijazaliwa, kilichimbwa kwa ndani. Waliokuwa na idhini wakati huo walikuwa wakitafuta madini ya risasi, yale mawe mazito yanayong'aa kama kioo ukiyapasua. Walitoboa mahandaki wakafuata mshipa wa madini, kisha wakaondoka. Sisi tulikuja kuvunja kilima hicho hicho kwa juu. Kwa hivyo nilikuwa nalipua juu ya paa la nyumba ambayo sijui vyumba vyake.

Hatari yake ni hii. Ukilipua juu ya uwazi, mtetemo hushuka, na paa la handaki ambalo limekaa miaka bila kusukumwa huachia. Tingatinga likipita juu yake linaweza kutumbukia zima zima na dereva wake. Na moshi wa baruti hupenya kwenye nyufa ukaenda kukaa chini, usionekane. Dawa yake ni subira. Kwanza unatoboa mashimo ya kupeleleza, marefu kuliko yale ya kulipulia, ili ujue chini pana mwamba au pana hewa. Kanuni yangu ilikuwa kwamba mwamba unaobaki baina ya shimo langu na paa usiwe mwembamba kuliko urefu wa shimo lenyewe. Pili, hushindilii shimo kwa pamoja. Unatia baruti kidogo, kisha kokoto, kisha baruti tena, na kila fungu lina fataki yake inayochelewa kidogo kuliko mwenziwe. Sikio lako litasikia mshindo mmoja, lakini mwamba unapigwa kofi moja moja.

Haya yote yataka ramani. Meneja wa Timbo, kijana nadhifu mwenye sauti ya chini, alinipa nakala ya nakala. Nikaitandaza juu ya boneti la gari lake.

"Bwana Meneja, mbona mistari ya mahandaki yaishia pale pale inapoishia karatasi?"

"Kwa sababu mahandaki yanaishia hapo."

"Au karatasi ndiyo iliyoishia?"

Akatabasamu. "Fundi Shee, wewe umeajiriwa kulipua mawe. Karatasi niachie mimi."

Nikaandika maneno yake daftarini, mbele yake. Aliniona nikiandika, na toka siku hiyo hatukupendana. Nilipoomba mashimo ya kupeleleza upande wa mashariki, ule usiokuwa na ramani, alinikubalia machache tu, akisema mafuta ya mashine hayaokotwi. Nilimshuku. Na nikishamshuku mtu mmoja, huwa natazama na waliomzunguka.

Mtoboaji wetu aliitwa Kahindi. Mzaliwa wa pale pale, nyumba yao waiona ukisimama kilimani. Mrefu, mpole, hodari wa mashine. Akitoboa alikuwa akiegemeza kiganja kwenye chuma, na kwa mtikisiko tu aliweza kukuambia mwamba huu ni mgumu, huu una ufa, huu una udongo. Mtoboaji ndiye jicho la mlipuaji. Chuma kikidondoka ghafla, maana yake kimeingia kwenye uwazi, na yeye ndiye wa kwanza kujua.

Siku moja akaniambia, "Fundi, hapa mashariki chuma kimedondoka. Tusipalipue."

Nikapaacha. Lakini mazoea ni mazoea: jioni nikateremsha tepu yenye kipande cha chuma mwishoni. Ikagota chini, mwamba mtupu.

"Kahindi, si ulisema pana uwazi?"

"Upo, Fundi. Labda mawe yamemwagika yakaziba."

Jambo hilo huweza kutokea. Wiki iliyofuata likatokea tena, na wiki ya tatu tena, kila mara upande wa mashariki, na kila mara tepu yangu inagota. Nikajua mtu huyu ananidanganya. Sikujua kwa nini.

Nikaanza kumtazama. Nikaona kwamba kila mara anauliza: "Tutalipua siku gani, Fundi? Saa ngapi?" Watoboaji wengine niliofanya nao kazi hawakujali saa, walitaka tu wajue waende kula lini. Nikaona pia kwamba wakati wa chakula hutoweka nyuma ya kilima. Mchana mmoja nikamfuata. Nikamkuta amesimama na mwanamke amejifunga kanga kifuani, anampa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mikono ya yule mwanamke ilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko.

"Huyu ni dada yangu, Dama," Kahindi akasema kabla sijauliza. "Nimemletea mkate."

"Shikamoo, mzee," Dama akasema, macho chini.

Nikaitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile karatasi. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna watu wanaochokora madini huku na huku bila ruhusa, na watu kama hao wanachotaka kuliko chochote ni baruti. Nikarudi moja kwa moja ghalani, nikafunga mlango, nikahesabu. Hesabu ilikuwa sawa. Nikahesabu tena. Sawa. Badala ya kutulia, nikajiambia kwamba mwizi huyu ni hodari kuliko nilivyodhani.

Kisha ikawa habari ya simu. Fataki zetu zilikuwa za umeme, na simu ya mkononi karibu na nyaya zake ni marufuku, maana mawimbi yake huweza kuamsha fataki. Simu zote zilikusanywa langoni kwenye sanduku. Siku ya kujaza mashimo, nikiwa nimeinama kwenye nyaya, niliinua kichwa nikamwona Kahindi nyuma ya jiwe, hatua ishirini kutoka kwangu, simu sikioni, ananong'ona.

Nilimshika mkono nikampeleka ofisini. Meneja akamuuliza alikuwa akimpigia nani.

"Mtu wa nyumbani."

"Nani?"

"Siwezi kusema, bwana."

"Na kwa nini ulimdanganya Fundi habari ya mashimo?"

Kahindi akanitazama mimi, hakumtazama Meneja. Alikuwa na uso wa mtu anayepima uzito wa jambo. Naamini, na Mungu ndiye ajuaye, kwamba kama ningelimtoa nje peke yake nikamuuliza kwa upole, angeliniambia. Sikumtoa. Meneja akamfukuza kazi pale pale.

Nilimsindikiza hadi langoni, kwa sababu ndiyo kanuni. Akaniambia, "Fundi, nakuomba jambo moja. Siku ukilipua mashariki, piga king'ora mapema. Mapema sana, hata saa nzima kabla. Ulisema Alhamisi, sivyo?"

"Alhamisi," nikasema.

Akashukuru akaenda zake. Nami nikarudi nikiwaza: anataka wenzake wapate saa nzima ya kufanya nini? Kuja kuiba baruti iliyokwisha tiwa mashimoni? Nikaingia ofisini nikamshauri Meneja tusingoje Alhamisi. Tulipue Jumanne, tusimwambie mtu, tuwaache wezi na Alhamisi yao. Hiyo ndiyo siku pekee mimi na Meneja tulipokubaliana.

Jumanne saa tano asubuhi nikaanza na mlipuko mdogo, wa kuvunja visiki vya mwamba vilivyobaki chini ya ukingo wa mashariki. Mashimo sita tu. King'ora, bendera, yote kama inavyotakiwa. Ukapita vizuri. Kisha tukaanza kuujaza mlipuko mkubwa, mashimo arobaini. Saa nane nyaya zote zilikuwa zimeungwa, watu wameondolewa, king'ora cha kwanza kikalia.

Ndipo mshika bendera alipoanza kupiga kelele. Mwanamke alikuwa amempita na anapanda kilima. Hakukimbia, alikuwa akitembea upesi, mguu mmoja na ndala na mmoja bila. Amejaa vumbi toka nywele hadi miguu, na kanga yake ilikuwa na damu. Akaingia katikati ya mashimo, akazikanyaga nyaya, akasimama.

"Toka hapo!" nikapiga ukelele. "Mama, toka, utakufa!"

"Sitoki!" Nikamtambua kwa sauti. Alikuwa Dama. "Chini yangu hapa pana watu watano. Mmoja mguu wake uko chini ya jiwe mlilolishusha nyinyi asubuhi. Piga basi! Piga, utuue pamoja!"

Redio yangu ikakoroma. Meneja alikuwa akitazama kutoka ng'ambo ya timbo. "Fundi, huo ni mchezo wao. Hapa hakuna handaki, ramani unayo. Mtoe huyo mwanamke ulipue."

Nitasema kweli, kwa kuwa nimekwisha zeeka na sina wa kumficha. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilimsadiki Meneja. Niliitazama ile damu nikajiuliza kama ni ya kuku. Hivyo ndivyo moyo wangu ulivyokuwa umekwenda.

Lakini palikuwa na shimo la kupeleleza karibu yangu, moja katika yale machache, ambalo Kahindi alilitoboa likafika mwamba mtupu. Nikalala kifudifudi nikaweka sikio. Kwanza sikusikia kitu ila damu yangu mwenyewe. Kisha, mbali, pembeni, chuma kinagonga jiwe. Kinaacha. Kinagonga. Nikaweka mdomo shimoni nikaita, "Nani huko?" Ikaja sauti ya mwanamume, nyembamba, inapita kwenye ufa nisiouona: "Dama! Dama, mwambie angoje!"

Nikachomoa ufunguo wa mashine nikauning'iniza shingoni. Nikakata nyaya kuu, nikazisokota ncha zake pamoja ili umeme wowote usipate njia. Meneja alifika anahema.

"Nani amekupa amri ya kusimamisha?"

"Leseni ina jina langu," nikamwambia. "Lala chini usikilize mwenyewe."

Hakulala.

Mdomo wa handaki ulikuwa nyuma ya kilima, ndani ya kichaka, mahali pale pale nilipomkuta Kahindi na dada yake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mlangoni nikiutazama mkate. Hakuna mfanyakazi aliyetaka kuingia, na sikuwalaumu: juu yetu palikuwa na mashimo arobaini yenye baruti. Nikachukua jeki ya lori na tochi, nikaingia nyuma ya Dama. Tulikwenda tumeinama, kisha kwa magoti. Kila baada ya hatua chache nilipapasa kifuani kuhakikisha ufunguo upo, kwa kuwa sikumwamini aliyebaki juu.

Mtu aliyebanwa alikuwa Karisa, kaka mkubwa wa Kahindi. Wenzake wanne walikuwa wamekataa kumwacha. Mmoja alikuwa akiligonga jiwe kwa nyundo, ile sauti niliyoisikia. Tulitia jeki chini ya jiwe, nikapandisha taratibu, nikiomba dua, paa likitudondoshea changarawe mgongoni. Jiwe likainuka kiasi cha mkono mmoja. Tukamvuta. Hakulia. Alikuwa akiuliza tu saa, "Saa ngapi sasa? Saa ngapi?"

Tulipomtoa nje, Kahindi alikuwa amekwisha fika. Dama alikuwa amempigia simu, naye alikuwa ameondoka Magarini alikokwenda kutafuta kazi, akaja kwa pikipiki. Alimshika kaka yake kichwa hadi gari lilipokuja kumchukua kumpeleka Kilifi. Kisha akanijia.

"Si ulisema Alhamisi?"

"Niliibadilisha."

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu yako."

Hakunitukana. Alikaa chini juu ya jiwe, akaniambia polepole, kama anayemweleza mgeni njia. Ndugu zake na jirani zake walikuwa wakichimba humo miaka mingi kabla ya kampuni kuja. Wangejitokeza, wangeshikwa. King'ora hakisikiki chini ya ardhi, na aliyeko nje akikisikia, muda hautoshi kuingia kuwatoa watu. Kwa hivyo kila alipojua saa ya mlipuko, alikuwa akimpigia Dama, aliyekaa karibu na mdomo wa handaki, naye akiingia kuwaita watoke. Na pale alipodai chuma kimedondoka, ndipo chini yake palikuwa na chumba walichokuwa wakipumzika, paa lake bovu. Hakuwa na njia nyingine ya kunizuia nisipalipue.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe kila kitu unaandika," akasema.

Karisa alikatwa mguu chini ya goti. Yale mashimo arobaini niliyaosha kwa maji moja baada ya moja kuitoa baruti, kazi ya siku mbili, na sikumruhusu mtu kunisaidia.

Mkaguzi wa serikali alikuja akakaa siku tatu. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza akalifunga akasema, "Fundi Shee, king'ora ulipiga, bendera uliweka, simu ulikataza, kiasi cha baruti ni sawa. Hukuvunja kanuni hata moja." Alidhani ananifariji. Nilitamani aniambie niliivunja hata moja, nipate mahali pa kuweka lile kosa.

Ramani kamili ikapatikana. Ilikuwa na karatasi ya pili, na mahandaki yote ya mashariki yalikuwa humo. Meneja akaapa hakuwahi kuiona, akahamishwa. Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Kwenye ile nakala niliyopewa, ukingo mmoja ulikuwa umenyooka kuliko mingine, kama uliokatwa kwa wembe. Au labda mashine ya kunakili ndiyo iliyokata hivyo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko linavyostahili.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Upande wa mashariki uliachwa usiguswe. Wachimbaji waliandikishwa kuwa kikundi, wakapewa sehemu yao kihalali ng'ambo ya kilima, na ikawekwa sharti kwamba hakuna mlipuko mpaka Dama atie sahihi kwamba watu wake wote wametoka, kwa majina. Meneja mpya alimrudisha Kahindi kazini. Nilikuwa nimemwandikia barua tatu kumwomba hivyo.

Tulifanya kazi pamoja miaka yangu iliyobaki. Alinisalimu kila asubuhi kwa adabu, akatoboa mashimo yake, akaniambia kila alichohisi kwenye chuma, na kila alichosema nilikipima kwa tepu mbele yake. Hakukasirika. Naye kabla ya kila mlipuko alikuja kuniuliza siku na saa, kisha akaenda kumuuliza Meneja swali hilo hilo, mbele yangu. Sikukasirika pia.

Ulipokaribia wakati wa kustaafu, Meneja mpya aliniuliza nani ashike nafasi yangu. Nikamtaja Kahindi. Nilikuwa nimemfundisha, na alikuwa amekwisha kaa mbele ya Mkaguzi akafaulu.

Meneja akashusha sauti. "Fundi, nakuheshimu. Lakini unataka nimkabidhi baruti mtu ambaye ndugu zake wanachimba kilima hicho hicho, chini ya ardhi? Humwogopi?"

"Ndiyo sababu yenyewe," nikamwambia.

Sasa nakaa Takaungu. Magoti yananiuma na sikio la kushoto halisikii vizuri. Vijana wanaosomea kazi hii huja wakati mwingine kuniuliza, na wote wanataka kujua kanuni. Nawapa zote: mashimo ya kupeleleza, baruti kwa mafungu, moshi, fataki zinazochelewa. Nawaambia washuku ramani, washuku shimo, washuku hesabu yao wenyewe. Kushuku sikujutii, kumeniweka hai. Ninachojutia ni kwamba nilimshuku mtu miezi mizima, nikamfuata, nikamhesabia, nikambadilishia siku, wala sikukaa naye hata mara moja nikamuuliza: Kahindi, una nini? Vijana huandika kanuni. Hilo la mwisho sijamwona akiliandika.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa siku ya mlipuko, wa kwanza wa Kahindi kwa leseni yake mwenyewe. Nilikwenda ghalani asubuhi kumtazama. Alikuwa amechuchumaa juu ya sanduku la fataki, anazitoa moja moja, midomo inachezacheza. Miaka yote ile nilikuwa na neno ambalo sikuwahi kulitoa, nikaona nikiondoka leo bila kulisema nitaondoka nalo.

"Kahindi," nikasema, "habari ya Karisa. Umenisamehe?"

Hakuinua kichwa.

"Mzee," akasema, "usinisemeshe nikihesabu."

Alikuwa amepoteza hesabu, akazirudisha zote sandukuni, akaanza tena moja.